Sura ya Nne: Majuma Sita ya Kijani

Januari ikifika, mkulima wa Kishapu hamuulizi mwenzake mvua imenyesha kiasi gani. Humuuliza ilianza lini, ilikatika lini, na kama imerudi. Milimita 700 zikigawanyika vizuri tangu Oktoba hadi Mei hujaza vihenge. Kiasi hicho hicho kikishuka kwa vishindo viwili, katikati pakawa pakavu, shamba hubaki na mabua. Usukumani mazungumzo ya mvua yamekuwa siku zote mazungumzo ya tarehe kuliko ya vipimo.

Ndege wanaotaga katika nchi hii hupewa mtihani ule ule. Ukitaja hali ya hewa na viota, akili hukimbilia dhoruba: upepo umeangusha tawi, mvua ya mawe imevunja mayai. Hayo hutokea, nasi tutayafikia. Lakini pigo zito huweza kuja siku ya jua zuri na anga jeupe, mvua ilipokatika wiki mbili kabla ya wakati wake. Kiota ni kazi yenye ratiba. Kila hatua yake inadai kitu fulani kiwe tayari nje: leo majani mabichi, kesho wadudu, keshokutwa mbegu. Hali ya hewa ikivuruga mfuatano huo, hata jumla ya mvua ikiwa nzuri haisaidii.

Ndege atakayetuongoza katika sura hii si kipenzi cha mtu. Ni kwelea kwelea, anayelaaniwa kila mtama unapoanza kukomaa. Hata hivyo hakuna ndege wa Shinyanga anayeonyesha vizuri kuliko yeye jinsi mvua inavyotawala kiota, na hakuna aliyebuni jibu la ajabu zaidi kwa mvua isiyoaminika.

Kati ya vuli na masika

Mkoa wa Shinyanga uko kusini mwa Ziwa Victoria, kwenye uwanda ulioinuka zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Katika utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, Shinyanga huwekwa pamoja na Geita, Mwanza, Simiyu, Mara na Kagera: mikoa yenye vuli, Oktoba hadi Desemba, na masika, Machi hadi Mei. Tabora, jirani wa kusini, na Singida huhesabiwa miongoni mwa mikoa ya msimu mmoja, unaoanza Novemba na kwisha Aprili. Shinyanga basi imekaa mpakani. Kuna miaka vuli na masika huungana zikawa msimu mmoja mrefu, na kuna miaka ukavu wa Januari na Februari hurefuka hadi mahindi yakajikunja majani.

Geita ina neema zaidi, kwa sababu iko ubavuni mwa ziwa, na ziwa lile hujitengenezea mvua. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji. Hewa yake hutiririka kuelekea ziwani, hukutana juu ya maji yenye joto na kuinua mawingu ya radi. Mchana pepo hugeuka, na mawingu huota juu ya nchi kavu. Kadiri unavyoliacha ziwa na kuelekea kusini mashariki, kupita Kahama hadi Kishapu, ndivyo msaada huo unavyopungua.

Maji mengi ya Shinyanga nayo hayaendi ziwani. Mto Manonga huyachukua hadi kwenye mbuga ya Wembere, na kutoka huko huishia Ziwa Kitangiri. Msimu ukiwa mzuri, Wembere hufurika, nyasi zikasimama na vichaka vya miiba vikazungukwa na maji. Msimu ukiwa mbaya hubaki udongo mweusi uliopasuka. Ndege anayetegemea mahali kama hapo hawezi kuwa na tarehe moja ya kutaga maishani mwake.

Mtu aliyeliweka jambo hili katika mpangilio wa kisayansi alifanya kazi papa hapa nchini. Reginald Moreau alikuwa katika kituo cha utafiti cha Amani, milimani Usambara, tangu 1928 hadi 1946, na mwaka 1950 alichapisha uchambuzi mrefu wa misimu ya kutaga ya ndege wa Afrika. Ulaya, urefu wa mchana ndio unaompa ndege ishara ya kuanza. Huku kwetu mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, kwa hiyo ndege husoma mvua, na kila kundi husoma ukurasa wake. Wanaolisha vifaranga wadudu hutaga mvua zinapoanza. Wanaoishi kwa mbegu hungoja hadi mvua zinapoelekea mwisho, nyasi zikiwa zimetoa masuke. Ndege wengi wawindaji hupendelea kiangazi, majani yakiwa yamepukutika na mawindo hayana pa kujificha. Wanaotaga kwenye fungu la mchanga mtoni hungoja maji yashuke. Mvua moja, kalenda nyingi.

Ndege anayefuata mvua

Kwelea kwelea ni wa ukoo wa ndege wasukaji, pamoja na mnana. Uzito wake ni gramu 15 hadi 20. Msimu wa kutaga dume huwa na uso mweusi na mdomo mwekundu, na mdomo wa jike hugeuka manjano. Mmoja mmoja ni ndege mdogo asiye na kishindo. Kwa wingi wao ni jambo jingine: baada ya msimu mzuri, idadi yao kusini mwa Sahara hukadiriwa kufika bilioni 1.5, na hakuna ndege wa porini duniani anayejulikana kuwazidi.

Kiangazi huishi kwa mbegu kavu za nyasi zilizodondoka ardhini. Mvua za kwanza, ambazo mkulima huzipokea kwa shangwe, kwake ni balaa: mbegu zote hizo huchipua ndani ya siku chache, na ghala likawa tupu. Mtaalamu Peter Ward alieleza mwaka 1971 wanachofanya baada ya hapo. Hujinenepesha wakati chakula kingalipo, kisha huruka juu ya ukanda wa mvua hadi sehemu ambako mvua ilianza wiki nyingi kabla, na nyasi mpya zimekwisha kutoa mbegu. Wakishapata nguvu hurudi nyuma kwa awamu, wakifuata mlolongo wa mvua. Huzaa hapa, wakimaliza, husonga hadi pale mvua zilipochelewa na kuzaa tena, msimu ule ule, mamia ya kilomita kutoka kiota cha kwanza.

Anayewafahamu wachimbaji wadogo wa Geita ataielewa tabia hii mara moja. Habari zikivuma kwamba dhahabu imeonekana, iwe Nyarugusu au Rwamgasa, watu hubeba sururu na kuhamia huko. Maduara, yaani mashimo yao ya kuchimbia, yasipotoa tena, kambi huvunjwa na maturubai hukunjwa. Kwelea hukimbilia nyasi kwa moyo ule ule, na kambi huiacha bila majuto.

Kambi yenyewe ina kazi ya majuma sita hivi. Kwanza panahitajika majani marefu na mabichi ya nyasi. Dume huchana ukanda wa jani, huufunga kwenye vijitawi viwili vya mgunga au kikwata na kusuka pete; kutoka kwenye pete huongeza ukuta na paa, hadi kiwe kijumba kinachotosha kufumbatwa kwa mikono miwili, chenye mlango ubavuni karibu na juu. Siku mbili au tatu zatosha. Jani kavu halimfai, kwa maana huvunjika likikunjwa.

Jike hutaga mayai mawili hadi manne, aghalabu matatu. Usiku huyaatamia yeye. Mchana wazazi hupokezana, na joto linapokuwa la kutosha huyaacha kwa muda wakaenda kula, hewa yenyewe ikiyatunza. Baada ya siku 10 hadi 12 vifaranga huanguliwa, uchi na vipofu. Siku za mwanzo hulishwa viwavi na wadudu wengine laini, kwa sababu mwili unaojengwa unataka protini. Kisha chakula hubadilika kuwa mbegu za nyasi. Wiki ya pili inapokwisha wanaanza kutoka kiotani, na wakifika wiki tatu hivi wanajitegemea.

Koloni zima huenda kwa hatua moja. Mti mmoja wa miiba huweza kubeba mamia ya viota, mkubwa hata maelfu, na vichaka vyenye viota vikaenea hekta nyingi. Lakini mayai yake yote huanguliwa katika siku chache zinazokaribiana. Faida yake huonekana wawindaji wanapofika. Tai, korongo marabu, nyoka na nguchiro hula hadi wakashiba, na bado vifaranga wengi husalia. Wangeanguliwa kidogo kidogo kwa miezi mitatu, wawindaji wangewamaliza.

Nyasi ndizo saa

Kwelea hujuaje kwamba wakati umefika? Miaka ya 1950 Tanganyika ilikuwa mahali pazuri pa kuuliza swali hilo, maana mashamba ya mtama yalikuwa yakivamiwa na serikali ilitaka majibu. A. J. Marshall na H. J. de S. Disney walichunguza ndege waliofungiwa, na mwaka 1957 wakachapisha matokeo katika jarida la Nature. Maji ya mvua peke yake hayakuwatosha ndege wale. Walipopewa nyasi mbichi, walianza kusuka.

Jibu hilo linaeleza mambo mengi yanayomtatiza mtu anayetazama kutoka shambani. Linaeleza kwa nini manyunyu ya Oktoba hayaleti koloni hata moja. Linaeleza kwa nini mvua kubwa ya siku mbili, ikifuatwa na jua, haina maana kwa kwelea: nyasi huchipua, hazirefuki. Makoloni huanza baada ya wiki kadhaa za mvua zenye kufuatana; kiasi cha milimita 200 hadi 300 hutajwa mara nyingi kuwa ndicho kinachotosha. Kwelea hasikilizi radi, anangoja matokeo yake ardhini.

Kuna hekima ndani ya kungoja huko. Nyasi ndefu ni ushahidi kwamba udongo umeshiba maji. Udongo ulioshiba utaendelea kulisha nyasi hata mvua ikipumzika kidogo. Nyasi zitalisha viwavi, na baadaye zitatoa mbegu. Kiota kilichosukwa kwa majani mabichi hakijakata tamaa wala hakijapiga ramli. Kimejengwa kwa malighafi inayothibitisha kwamba chakula cha mbele kinakuja.

Ratiba inapovunjika

Hata hivyo ushahidi si hakikisho. Chukua mwaka ambao vuli imekuwa nzuri, nyasi zimesimama, koloni limeanza mwishoni mwa Januari, na kisha ukavu wa Februari ukarefuka. Wiki ya kwanza hakuna linaloonekana. Wiki ya pili majani huanza kupoteza umaji, viwavi hupungua, na wazazi huruka mbali zaidi kutafuta chakula. Mbegu ambazo zingekuwa na maziwa vifaranga wanapozihitaji hukauka kabla ya kujaa. Hapo kwelea hufanya jambo ambalo ndege wengi hawalifanyi kwa wepesi: huondoka. Koloni zima huweza kutelekezwa, lenye mayai au lenye vifaranga, ndege wakaenda kutafuta mvua kwingine.

Kwa jicho la binadamu ni ukatili. Kwa hesabu ya ndege anayeishi miaka michache na anayeweza kuzaa zaidi ya mara moja kwa msimu, kubaki ndiko hasara. Mzazi akifa njaa pamoja na vifaranga, kiota cha pili hakipo. Akiondoka, kipo.

Kuna mapigo ya haraka pia. Viota hufungwa kwenye vijitawi vya pembeni, ambako nyoka hupata shida kufika, na huko ndiko upepo unakoshika zaidi. Dhoruba ya jioni hung'oa viota na kuvimwaga chini ya mti. Mvua ya mawe huvunja. Mvua ndefu isiyo na kishindo ina ubaya wake wa kimya: kifaranga asiye na manyoya hawezi kujitunzia joto, na mzazi akikaa kumfunika hana nafasi ya kutafuta chakula. Siku ya jua, hewa humsaidia kulea. Siku ya mawingu na baridi kazi hiyo humrudia yeye. Paa la kiota na mlango wa ubavuni vinapunguza jua na matone, lakini havizuii siku tatu za unyevu mfululizo.

Waliofungwa mahali

Jibu la kwelea ni kuhama. Ili kuona thamani yake, tuwatazame ndege wasioweza kuhama.

Mmoja tunaye hapa hapa, porini Shinyanga na Geita: hondohondo. Mvua zinapoanza, jike huingia kwenye tundu la mti, na kwa tope na kinyesi huuziba mlango hadi ubaki ufa mwembamba. Humo ndani hutaga, huatamia na kunyonyoka manyoya ya kurukia. Kwa majuma kadhaa maisha yake na ya vifaranga yako mdomoni mwa dume anayeleta wadudu na matunda na kuyapitisha kwenye ufa. Ukuta huo humkinga dhidi ya mwindaji na dhidi ya dhoruba. Haumkingi dhidi ya ukame. Mvua ikikatika na wadudu wakaadimika, dume hushindwa kutimiza mzigo, na jike hana mabawa ya kumpeleka penye neema.

Mbali kabisa na mbuga zetu, pengwini wako katika hali ya jinsi hiyo. Hurudi mwaka baada ya mwaka mahali walipozoea kuzalia. Pwani ya Punta Tombo, Argentina, Dee Boersma na Ginger Rebstock walitumia kumbukumbu za tangu 1983 hadi 2010 kujua kinachowaua vifaranga wa pengwini wa Magellan. Kwa wastani takriban theluthi mbili walikufa kabla ya kuondoka koloni, na njaa ndiyo iliyoongoza. Mvua iliua asilimia 7 hivi kwa wastani, lakini wastani huo unaficha mengi: mwaka mbaya zaidi dhoruba ziliondoka na nusu ya vifaranga. Walio hatarini zaidi ni wa umri wa kati, waliokwisha kuwa wakubwa mno kujificha chini ya mzazi, na bado hawajaota manyoya yasiyopenya maji. Malaika ya kifaranga huhifadhi joto yakiwa makavu. Yakilowa hayana kazi.

Pengwini wakubwa wa Antaktika, wanaolea vifaranga juu ya barafu ya bahari, walipata msiba wa namna nyingine mwishoni mwa 2022. Katika Bahari ya Bellingshausen barafu ilivunjika mapema, kabla vifaranga hawajaota manyoya ya kuogelea, na makoloni 4 kati ya 5 ya eneo hilo yakakosa uzazi. Dhoruba haikuhusika. Sakafu iliondoka kabla ya wakati, kama nyasi za Februari zinavyoondoka Wembere.

Katikati ya kwelea na pengwini wako heroe wa Ziwa Natron, mkoani Arusha. Hao wana mabawa ya kwenda popote, lakini mahali panapowafaa kutaga ni pachache mno. Hujenga vichuguu vya matope ya magadi katikati ya ziwa. Maji yakiwa mengi, vichuguu huzama. Yakiwa machache, fisi na mbweha huvuka kwa miguu. Mwaka 1962 Natron ilifurika, na heroe wakahamia Ziwa Magadi, ng'ambo ya mpaka nchini Kenya, wakataga huko. Maji ya Magadi yalikuwa makali zaidi: magadi yaliganda miguuni mwa vifaranga yakawa pingu nzito, wakashindwa kutembea. Mtaalamu Leslie Brown na wenzake waliongoza juhudi za kuvunja pingu hizo kwa mikono na kuokoa maelfu. Kuhama basi kunasaidia pale tu unapokwenda pakiwa na kile ulichokifuata.

Waliofyeka na waliorudisha

Hali ya hewa haifiki kiotani moja kwa moja. Hupitia kwenye mti, kwenye nyasi na kwenye udongo, na vyote vitatu Shinyanga vimepitia mikono ya watu.

Mmoja wao alikuwa mtu wa ndege. Charles Swynnerton, mwanaasili aliyekuwa msimamizi wa kwanza wa wanyamapori wa Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ameachia jina lake ndege mdogo wa misituni, Swynnertonia. Baadaye aliongoza utafiti wa mbung'o, makao yake yakiwa Shinyanga, hadi alipokufa kwa ajali ya ndege mwaka 1938. Mbung'o hupenda kivuli cha vichaka, na silaha zilizotumika dhidi yake zilikuwa moto uliopangwa na kufyeka miti. Watu na ng'ombe walipata nafasi ya kuishi penye usalama. Pamba, mifugo na kuni vikachukua sehemu kubwa ya miti iliyosalia. Katikati ya miaka ya 1980 hali ilikuwa mbaya kiasi cha Mwalimu Nyerere kushtushwa na alichokiona, na watu wakaanza kulitaja Jangwa la Shinyanga.

Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Badala ya kuleta miche peke yake, uliwarudisha watu kwenye desturi yao wenyewe ya ngitili: mfugaji hufunga eneo mvua zinapoanza, nyasi na miti vikakua bila kuguswa, kisha hulifungua kiangazi kikichacha. Maeneo yaliyofungwa yaliongezeka kutoka mamia ya hekta hadi mamia ya maelfu, na mwaka 2002 HASHI ilitunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Tathmini za baadaye ziliorodhesha zaidi ya aina 140 za ndege katika ngitili.

Kwa kiota, ngitili ni mvua iliyowekwa akiba. Nyasi zilizosimama huchelewesha kukauka kwa udongo, kwa hiyo wiki mbili za ukavu haziumi kama zinavyouma palipo wazi. Miti huvunja upepo. Wadudu hupata pa kujificha, na mti ukipewa muda wa kuzeeka hupata matundu. Hayo matundu yanatafutwa na hondohondo, na bundi, na kasuku wadogo wa kijani na machungwa wanaoitwa kwa jina la Fischer, ambao asili yao duniani ni ukanda huu wa kaskazini mwa Tanzania.

Ukanda wa dhahabu unavuta upande wa pili. Duara halichimbwi bila matimba ya kushikilia kuta zake, na kambi haipiki bila mkaa. Mti mnene ndio unaotafutwa, na mti mnene ndio wenye tundu. Kwelea hapati hasara hapo. Vichaka vya miiba vinavyoota baada ya msitu kukatwa vinamfaa sana. Anayepoteza ni ndege wa tundu, aliyekuwa na ukuta mnene wa kumkinga na joto, na sasa hana. Tukiukata mti, hatuibadilishi mvua ya mwaka huo, ila tunabadilisha ni ndege gani atakayeimudu.

Mkulima na kwelea wasoma anga moja

Mtama wa Shinyanga na kifaranga wa kwelea wamelelewa na mvua ile ile. Koloni lililoanza Februari au Machi hutoa makundi ya vijana Aprili na Mei, mtama na mpunga wa majaluba vinapokomaa. Ndipo dungu husimikwa, teo hutolewa, madebe hupigwa, na watoto huamia ndege tangu alfajiri hadi jua lizame, mara nyingi kwa gharama ya siku zao za shule.

Lakini ukubwa wa koloni peke yake haupimi hasara. Kwelea hupendelea mbegu za nyasi pori, ndogo na rahisi kumenya. Hugeukia nafaka zaidi nyasi zinapoisha au zinapokuwa zimetoa mbegu kidogo. Kwa hiyo mwaka wa kuhofiwa ni ule ambao mvua zilitosha kulea koloni, kisha zikakatika kabla nyasi hazijakomaza mbegu. Mwaka huo ndege wapo na chakula chao cha asili hakipo.

Serikali hupambana nao kwa ndege za kunyunyizia sumu ya fenthioni juu ya makoloni na malalo. Kazi hiyo nayo ni mtumwa wa hali ya hewa: hufanywa jioni, ndege wakiwa wamerudi na upepo umetulia. Sumu haichagui, tai na korongo wanaokula mizoga hudhurika, na samaki pia ikifika majini. Kondoa wanakijiji wamezoea njia nyingine, ya kuwatega kwelea kwa wingi na kuwala, na kitoweo hicho kina soko. Mkulima mwenyewe ana mbinu mbili za mbegu. Mtama mwekundu wenye uchungu huwakinaisha ndege, ila wanunuzi wengi wanataka mweupe. Aina inayowahi kukomaa, kama Macia, huweza kuvunwa kabla ya makundi kushuka, mradi ipandwe kwa kuhesabu.

Hesabu hiyo inawezekana, na huko kusini mwa Afrika watafiti wamekwisha kuitumia: wamechukua takwimu za mvua kutoka setilaiti na kubashiri ni wapi kwelea wanaweza kuanza kutaga. Kijijini hakihitajiki chombo cha angani. Zinahitajika tarehe tatu, ziandikwe kila mwaka katika daftari la ofisa ugani: siku mvua zenye kufuatana zilipoanza, siku nyasi zilipofaa kusukwa, na siku ukavu ulipoingia. Tangu tarehe ya pili, majuma sita yanatosha kwa koloni kuanza na kumaliza kazi. Kata inayojua tarehe hiyo ina muda wa kukagua vichaka vya miiba mayai yakiwa hayajaanguliwa, kuamua kama ni kutega au kuomba msaada, na kupanga nani ataamia shamba gani. Taarifa za msimu za Mamlaka ya Hali ya Hewa siku hizi hutaja mwanzo wa mvua, mwisho wake na vipindi vya ukavu vinavyotarajiwa, pamoja na kile kinachosomwa zaidi redioni, kwamba mvua zitakuwa juu ya wastani au chini yake. Mwenye mtama aanze kusoma kwenye tarehe. Kwelea hana redio, na tarehe ndizo anazozifuata.